Kwa Moraa, Kuhusu Zamu Yangu ya Mlima

Moraa, binti yangu,

Salamu hazina kazi leo, maana nakusikia upande wa pili wa ukuta ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka uongeze unga wa wimbi, wewe unasema uzito umeshapita. Endeleeni kubishana. Mimi nimekaa kwenye meza ya redio na kalamu yako nyekundu ya kusahihishia watoto wa shule. Nyingine sikuiona, kwa hiyo usione rangi ukadhani nimekasirika.

Utashangaa kwa nini naandika na mdomo ninao. Mdomo wangu unajulikana kutoka Kebirigo mpaka Ikonge. Sijawahi kukaa barazani nikashindwa kwa maneno, na anayesema niliwahi kushindwa aje mbele yangu aseme. Lakini jambo hili nimejaribu kulisema kwa lugha ya nyumbani tangu Jumapili, na limekataa kutoka. Labda kwa Kiswahili litatoka. Kiswahili nilifundishwa na karani wa kambi kule mashamba ya chai ya Kericho nilipokuwa nyapara, pamoja na kusoma na kuandika. Alinifundisha miezi minne tu, akasema hajaona kichwa kama changu. Ni lugha niliyoitumia kuamuru watu wa kila kabila. Leo nataka nijiamuru mwenyewe nayo. Nikikosea herufi, wewe ni mwalimu, sahihisha kimoyomoyo.

Sitakuambia uvae soksi mbili, wala usinywe maji baridi, wala uandike kila mwezi. Hayo mama yako ameyamaliza na shangazi zako wameyarudia. Mimi nataka kusema juu ya mpango wako wa safari, ule uliotusomea hapa sebuleni ukiwa umesimama kama diwani.

Ni mpango mzuri. Nasema hivyo mimi ambaye sisifu ovyo. Vijana kumi na wawili wa kanisa, walimu na wauguzi, mishahara yenu ni ya juzi tu, na mnataka kwenda Norwe kuteleza juu ya theluji wiki tatu! Mtu mwingine angekata tamaa. Wewe ulikaa ukapanga. Hoteli hapana, mtalala katika nyumba ya shamba ya wale watu wa kanisa waliowaalika, wasichana juu, wavulana chini. Mtapika wenyewe kwa zamu, asubuhi uji, jioni maharagwe na kabichi. Viatu na zile mbao ndefu mnazoziita skii mtaazima katika shule ya mlimani, ile utakayobaki ukisoma mwaka mzima wenzako wakirudi. Sweta za sufu mmefumiwa na akina mama wa hapa hapa. Na wenzako kumi na mmoja umewapatia nauli ya kikundi, nafuu kabisa, ila kwa sharti kwamba warudi wote siku moja. Hata mazoezi ya miguu umeyapanga, na siku ya Sabato ya kupumzika. Nilikuwa nakusikiliza nikisema moyoni, huyu hakupata akili hizi kwa mama yake.

Halafu ukafika kwenye sheria. Ile ya mwisho uliisoma kwa sauti kubwa ukinitazama. "Hakuna anayeachwa, hakuna anayerudi." Watu wakapiga makofi. Mama Onchari, ambaye mwanawe ni mmoja wa kikundi chenu, alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, akajifuta macho kwa leso. Na mimi nikaruka nikasema, "Hiyo imetoka kwangu! Hiyo ni damu yangu!"

Kweli imetoka kwangu. Ndiyo maana naandika. Nataka uifute.

Unaijua habari ya theluji jinsi ninavyoisimulia sokoni. Watoto wa Kebirigo wananiita Mzee Theluji na mimi nageuka, napenda. Nimeisimulia mara nyingi hata mahali penye uongo pamekuwa laini kama mpini wa jembe. Sasa isikie jinsi ilivyokuwa. Ukiisha kuisoma utakuwa mtu wa kwanza kuijua, ukiwatoa wale tuliokuwa nao, ambao wawili wamekufa na watatu hawasemi.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Dereva mmoja wa lori, mtu wa upande wa Nyeri, alikuja Kebirigo kuchukua ndizi. Akasema kwao kuna mlima ambao maji yake juu yamesimama kama jiwe, na mtu wa Kisii hawezi kufika huko, maana sisi ni watu wa kulima tu, kupanda hatujui. Wewe unanijua. Nilimwambia, "Bwana dereva, mwaka huu hautaisha kabla sijayala hayo maji yako." Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na sikutaka kuchekwa na mtu wa ndizi.

Nikaenda kwa watu wangu wa risaga. Wewe umekulia humo, lakini huko uendako watakuuliza, kwa hiyo nieleze. Watu saba wenye mashamba yanayopakana tulikuwa tunalimiana, leo kwangu, kesho kwako, mstari mmoja wa majembe kutoka chini mpaka juu. Mwenye zamu ndiye mkubwa siku hiyo. Mtu akilegea nyuma, kipande chake kinabaki katikati kama kisiwa, na wote wanamwimbia mpaka aone haya. Na anayetoka shambani kabla ya mstari kufika juu amejitoa. Siku ya shamba lake atalima na mke wake. Ni sheria ngumu, lakini ndiyo iliyotulisha. Kiongozi alikuwa mimi, na katika miaka yangu yote ya uongozi hakuna aliyevunja mstari. Uliza mtu yeyote.

Walikuwa hawataki kwenda mlimani. Walisema wana kazi. Ndipo nikafanya kosa langu, na wakati huo nililiona ni akili kubwa. Nikasema, "Siku za mlima zihesabiwe kuwa zamu yangu. Shamba langu msilipalilie msimu huu. Mlima ndio shamba langu." Basi walikwisha. Hakuna awezaye kukataa zamu ya mwenzake.

Ombati ndiye aliyesema neno. Unamkumbuka Ombati, baba yake Onchari, mtoto wa baba yangu mdogo, mrefu, mpole, Msabato asiyejua hata harufu ya pombe. Alisema, "Kaka, shamba lina mwisho unaoonekana. Mlima je?" Nikamjibu kwamba mwisho wa mlima ni mahali ambapo mimi nimesimama. Wakacheka, naye akacheka.

Mimi pia nilipanga, Moraa. Usidhani ni wewe wa kwanza katika nyumba hii kupanga safari ya watu wengi kwa kidogo. Tulibeba unga wa wimbi, ndizi za kuchoma, blanketi moja kwa watu wawili. Mbele ya lango la mlima kulikuwa na mzee mmoja wa huko, kazi yake kuongoza wageni njia. Alitutazama miguuni, akasema, "Wenzako wana nguvu, mzee, naona. Lakini mlima haulimwi. Mkifika kibanda cha pili mlale siku mbili, kichwa kizoee. Na anayeumwa kichwa akatapika, huyo ashuke. Asingoje kesho."

Nikamuuliza, "Na wewe unalipwa kwa siku?"

"Kwa siku," akasema.

"Nilijua. Ndiyo sababu unatutakia siku mbili za kulala."

Watu wangu walicheka mpaka wakashika magoti. Yule mzee hakukasirika. Alisema tu, "Nendeni salama," akarudi kukaa juu ya jiwe lake. Tukaenda bila yeye. Safari yangu ilikuwa rahisi kuliko safari zote zilizopanda mlima ule, najua, maana sikulipa kiongozi, sikulipa mpagazi, na siku mbili za kulala nilizikataa kwa kuwa unga ungepungua. Aliyekuja kulipa ni Ombati.

Siku ya kwanza tulipita msitu na mianzi tukiimba nyimbo za jembe. Siku ya pili ni matope na majani makubwa kama masikio ya ndovu, na hewa ikaanza kuwa nyembamba, unavuta na huridhiki. Hapo Ombati akaanza kubaki nyuma. Kwanza hatua kumi, halafu hamsini. Na sisi tulifanya nini? Tulifanya tunavyofanya shambani.

"Ombati! Umeacha kisiwa huko nyuma!" Huyo alikuwa Makori, mwenye mdomo kunishinda hata mimi.

"Mwacheni, anahesabu mawe. Anataka kujenga."

"Mwambieni Mama Onchari amlete mgongoni!"

Ombati naye akajibu, "Chekeni tu. Nikifika juu nitawatemea mate." Tukampenda kwa jibu hilo. Lakini alipofika karibu nilimwona uso umekuwa rangi ya majivu ya baridi. Nilimwona, Moraa. Nataka uandike hilo mahali. Baba yako aliona.

Usiku kwenye kile kibanda cha pili hakula. Alitapika nje mara tatu. Akaja karibu yangu akasema taratibu wengine wasisikie, "Kaka, kichwa kinapasuka. Kesho nishuke na mtu mmoja, niwangoje kwenye mianzi."

Nikavuta blanketi upande wangu.

Akasema tena, "Nikishuka, Jumatatu mtakuja kwangu?" Maana Jumatatu ile ya kurudi ilikuwa zamu yake, na wimbi lake lilikuwa limezidiwa na magugu, na mke wake alikuwa na mimba.

Mtu anaomba ruhusa ya kuishi, na anaiomba kwa kuuliza habari ya magugu. Sikuelewa. Au nilielewa. Nilimwambia hivi, na maneno haya sijamwambia mtu hata siku moja. "Aliyetoka shambani kwangu jembe lake likiwa safi, hana shamba ambalo mimi nitaliendea."

Akasema, "Sawa, kaka." Akalala.

Asubuhi alivaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Aliniita kwa jina la marehemu baba yake. Akitembea anayumba, na Makori akapiga kelele, "Njooni muone, Msabato amelewa!" Tukacheka. Na hiki ndicho kitu nilichokipata kule juu, mwanangu, sikupata kingine. Mgonjwa hatasema ni mgonjwa mbele ya watu wanaocheka. Atacheka nao. Ombati alicheka nasi mpaka asubuhi ile ya mwisho. Ukitaka kujua kama mtu yuko salama usisikilize kicheko chake. Mtazame miguu.

Tulifika kwenye theluji. Sikufika kwenye ncha kabisa kama ninavyosema sokoni, lakini theluji nilifika. Nilichota nikala. Ina ladha ya chuma. Nitakuambia bila aibu kwamba nilifurahi, nilipiga kelele, nilimtukana yule dereva wa ndizi kwa jina la mama yake. Hata leo, katika Kebirigo nzima, wanaume walioila theluji ni sisi tu. Nilipogeuka nilimwona Ombati amekaa juu ya jiwe, ameshika donge la theluji mkononi, vidole vimeshaanza kuwa vyeupe, wala hajui kuliachia. Nikamwambia, "Tupa." Akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Kifua chake kilikuwa kinatoa sauti kama chungu cha uji kinapochemka kwa moto mdogo.

Ndipo tukaacha kucheka.

Tulimfunga katika blanketi tukambeba kwa zamu. Zamu nzuri sana, hakuna aliyeivunja. Tulikimbia mahali ambapo watu hutembea. Alikufa kabla hatujaifikia mianzi, mikononi mwangu na mwa Makori, bila kusema neno. Yule mzee wa njia tulimkuta anapanda, ameshaona kwa mbali jinsi tulivyobeba. Alifunua uso wa Ombati, akaufunika. Akasema, "Angeshuka jana, angekula chakula cha jioni." Nilimchukia mzee yule miaka mingi kwa neno hilo. Nilikuwa namchukia kwa sababu lilikuwa fupi na sikuweza kubishana nalo.

Sasa fika nami nyumbani. Mama Onchari alisimama mlangoni na tumbo lake. Hakulia kwanza. Aliniuliza, "Alisema nini?"

Moraa, kulikuwa na majibu mengi. Ningesema hakusema kitu, na ingekuwa kweli. Nilisema, "Tulimwambia arudi. Akakataa. Alisema mtu wa kwetu harudi nyuma."

Neno hilo alilishika kama mtu aliyeanguka mtoni anavyoshika mzizi. Siku ya mazishi lilisemwa kaburini na mhubiri. Na Onchari, ana miaka kumi na miwili, amesimama pale na kaptura ya shule, nilimwona akilimeza. Wenzangu watano walitazama chini. Walinilinda kwa kuwa nilikuwa kiongozi, na kwa kuwa wao pia walicheka.

Tulipomaliza kumzika, tulikwenda kumpalilia wimbi. Zamu yake ilikuwa imefika. Mstari mzima mpaka juu, hakuna kisiwa. Mjane akatupikia, tukala. Sijawahi kulima kwa nguvu kama siku ile, wala sijawahi kumeza chakula kigumu kama kile. Wewe ndiye uliyeleta uji, msichana wa miaka kumi na mitano, ukajikwaa ukaumwaga, na mimi nikakupiga kofi mbele za watu. Sijakupiga tena tangu hapo. Ulilia, ukasema, "Tata, baba, ni uji tu!" Ulikuwa na haki. Haikuwa uji. Nimechelewa miaka tisa kukuomba msamaha, lakini ndio huu.

Labda unasema, mzee, hayo yamepita, kwa nini unaniharibia siku ya mwisho nyumbani? Nakuharibia kwa sababu ya Jumapili.

Mlikuwa kwenye mteremko wa Manga mkifanya mazoezi. Mimi nilikuja kuona, nikakaa juu ya kichuguu kama mkubwa wa michezo. Mlikuwa mmekata magome ya migomba, mnasimama juu yake na fimbo mbili, mnateleza kwenye nyasi zenye umande, mnaanguka mmoja juu ya mwingine. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu wewe ukapiga filimbi, kila mtu apande tena mbio, mara kumi. Onchari alikuwa nyuma.

Hukumwona, ulikuwa unahesabu. Nyaboke, yule muuguzi mfupi, ndiye aliyemwona. Alimshika shingoni akasema, "Onchari, wewe una homa. Kaa chini."

"Homa gani? Ni jua."

"Jua gani saa mbili asubuhi? Kaa, nimesema."

"Kwetu hatukai, dada. Hata baba aliambiwa arudi akakataa. Muulize Mzee pale." Akaninyoshea mkono.

Wote mkageuka kunitazama, kumi na wawili nyote. Uso wake ulikuwa rangi ile ile ya majivu. Na mimi, Moraa, mimi ambaye nilikuwa nimepewa nafasi kwa mikono miwili, nilisimama juu ya kichuguu nikapiga makofi. Nikasema, "Hiyo ndiyo damu ya Ombati!"

Mkashangilia. Akapanda mara kumi zote. Jioni nilisikia alilala na blanketi tatu anatetemeka, na amemwambia mama yake asikuambie usije ukamtoa kwenye kikundi. Leo anasema amepona. Labda amepona. Lakini sasa unajua anabeba nini kwenda Norwe, na si mimi wala wewe tulioliona likipimwa kwenye mizani pamoja na masanduku. Nililiweka mimi mgongoni mwake akiwa mtoto. Siku akizidiwa huko katika baridi, juu ya mbao zile, hatasema. Atacheka. Na nyinyi mtamwimbia kwa upendo, kama tulivyomwimbia baba yake, maana tulimpenda sana Ombati. Usidhani tulikuwa watu wabaya.

Kwa hiyo ninalokuomba si kubwa. Futa ile sheria. Katika mpango wako kuna mahali pa uji, mahali pa sweta, mahali pa nani alale wapi. Hakuna mahali pa mtu anayeshuka. Weka. Andika kwamba yeyote anaweza kukaa chini wakati wowote bila kutoa sababu, na kwamba mwingine atakaa naye, na kwamba siku hiyo haitahesabiwa. Mpe Nyaboke neno la mwisho juu ya afya, hata dhidi yako. Wewe una kichwa changu, na kichwa changu si cha kuachwa peke yake mlimani.

Najua utasema nauli ya kikundi hairuhusu mtu kurudi mapema. Nimelifikiria. Ile mikaratusi ya chini kwa mto nimeiuza kwa mwenye kiwanda cha mbao, iliyokuwa ya kujengea nyumba ya matofali niliyojisifia. Fedha mama yako atakupa kesho. Si za vitabu. Ni za mmoja kurudi nyumbani kabla ya wengine. Nimeambiwa hazitoshi nauli nzima, lakini ni zaidi ya nusu, nyingine mtachanga. Asipohitaji mtu yeyote, nitafurahi kuliko siku niliyoila theluji, nawe utazirudisha.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango mwingine, nikuambie ukweli. Nilitaka nikupe uibebe, halafu mkifika huko, siku ya kwanza ya utulivu, umwite Onchari pembeni umwambie wewe. Nilisema utajua maneno, umesoma. Nilisema nikishakufa utamwambia na mama yake. Mpango mzuri, wa mtu aliyezoea kupanga. Nimeandika kurasa hizi zote nikiutegemea.

Lakini nimesoma tena pale nilipoandika "Sawa, kaka", nikaona ninafanya lile lile. Nabaki chini na kumtuma mtu mwingine apande na mzigo wangu. Na Onchari akiambiwa na wewe kule, mbali, katika baridi, hatakuwa na mama wa kumkumbatia wala mimi karibu anipige ngumi. Anastahili vyote viwili kabla hajapanda basi.

Mimi si mtu wa kuomba msamaha, unajua. Mama yako amengoja wake tangu mwaka tuliooana. Sijui nitasimamaje mbele ya mlango ule. Nimefikiria kusema nilikuwa mgonjwa, nimefikiria kusema Makori ndiye. Makori amekufa, hawezi kubisha. Unaona jinsi uongo unavyonijia haraka hata sasa, na kalamu mkononi? Kwa hiyo lazima niende kabla sijapata mzuri zaidi.

Mama Onchari hajalala, nasikia anatwanga bado, anamtengenezea mwanawe unga wa njiani. Onchari yuko naye. Kutoka hapa ni kuvuka shamba la chai tu. Huenda asikubali mwanawe aende tena. Huenda Onchari asitake kuwa katika kikundi cha binti yangu. Ikiwa hivyo, mpango wako utaharibika, nauli ya kikundi itakataa watu kumi, maana ni ya kumi na mmoja, na utanikasirikia. Nikasirikie. Nimeharibu vya watu wengine kwa kunyamaza, sasa niharibu chako kwa kusema. Lakini kama bado atataka kwenda, atakwenda akijua kwamba baba yake aliomba kushuka. Atakuwa na ruhusa ya baba yake.

Barua hii nitaiacha juu ya sanduku lako. Ukisikia kilio kikitoka kwa Mama Onchari, usitoke mbio, wala usimruhusu mama yako atoke mbio akidhani kuna mtu amekufa. Alikufa zamani. Ni habari zake tu ndizo zinazofika leo.

Mimi baba yako.